Kupima mwendo wa mashine ya kusaga kwa sumaku na kihisi cha Hall

Mashine ya kusaga ikianza kuchelewesha unga, kila mtu ana jibu lake. Mwenye mashine anasema umeme ni mdogo, fundi anasema mkanda umelegea, anayemimina mahindi anasema mahindi hayajakauka. Wote watatu wanaweza kuwa sahihi, ila kila jibu lina gharama yake. Kununua mkanda mpya wakati wa zamani haukuwa na kosa ni hasara. Kusuka upya mota kwa sababu ya mkanda ni hasara kubwa zaidi.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kufunga vihisi viwili vya sumaku, kimoja kwenye puli ya mota na kingine kwenye puli ya kinu, ili usome kasi mbili kwa wakati mmoja. Kasi moja peke yake haikuambii mengi. Ukiwa nazo zote mbili unaweza kutenganisha tatizo la mkanda na tatizo la mota bila kulegeza hata bolti moja.

Programu ni fupi na nimeiweka hapa chini. Kinachokwamisha watu kwa kawaida ni sumaku: upande gani umegeuzwa nje, iko umbali gani na kihisi, na imeshikiliwa na nini. Huko ndiko nitakokaa zaidi.

Kihisi kipi kinafaa

Kihisi cha sumaku kinachojulikana zaidi mitaani ni ile swichi ya kioo inayofungwa milangoni na madirishani kwa ajili ya king'ora: vibati viwili vyembamba vya chuma ndani ya kichupa cha kioo, vinavyogusana sumaku ikisogea karibu. Kwa mlango, kwa boya la tangi la maji, hata kwa gurudumu la baiskeli, inatosha kabisa na haihitaji umeme wa kuiendesha. Kwa puli ya kinu haifai. Vibati huchukua kati ya nusu milisekunde na milisekunde nzima kugusana, kisha hudundadunda kabla ya kutulia. Sasa piga hesabu: puli inayozunguka mara 2,880 kwa dakika, na sumaku imekaa sentimita 4 kutoka katikati ya shafti, sumaku hiyo inapita mbele ya kihisi kwa kasi ya mita 12 hivi kwa sekunde. Ikiwa na upana wa milimita 8, imeshapita ndani ya milisekunde 0.7. Swichi ya kioo itaikosa mara moja, itaipata mara nyingine, na namba utakazosoma hazitakuwa na maana.

Kihisi cha Hall hakina kitu kinachosogea. Mwaka 1879 Edwin Hall, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alipitisha mkondo wa umeme kwenye bati jembamba mno la dhahabu lililowekwa ndani ya uga wa sumaku, akakuta volti ndogo imejitokeza pembeni mwa njia ya mkondo. Jambo hilohilo leo linafanyika ndani ya kipande kidogo cha silikoni chenye miguu mitatu, na kinajibu kwa mikrosekunde chache tu.

Dukani utakutana na aina tatu ambazo kwa macho hazitofautiani. A3144 ni swichi: ncha ya kusini ya sumaku ikikaribia uso wenye maandishi inawaka, ikiondoka inazima, na ncha ya kaskazini haiigusi kabisa. US1881 ni ya kukumbuka: kusini inaiwasha, na itabaki hivyo hadi kaskazini ije kuizima. SS49E haiwaki wala kuzima, inatoa volti inayopanda na kushuka kulingana na nguvu ya sumaku. Ikilishwa volti 5, bila sumaku inakaa kwenye volti 2.5 hivi. Hiyo ni nzuri kwa kupima umbali mdogo, kwa mfano pedali imebonyezwa kiasi gani. Kama unachotaka ni pembe kamili ya shafti, iko AS5600, inayougawa mzunguko mmoja katika sehemu 4,096. Kwa kazi yetu chukua A3144 au mfano wake unaofanya kazi vilevile. Soma maandishi usoni kabla ya kulipa.

Hatua ya 1: Kusanya vitu

Vihisi vinne vya A3144 (viwili vya akiba), sumaku nne za neodimu za duara zenye upana wa milimita 8 na unene wa milimita 3, bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo itakayoendesha programu), rezista mbili za ohmu 4,700 na moja ya ohmu 1,000, kapasita mbili za mikrofaradi 0.1, taa moja ndogo ya LED, waya wenye nyuzi tatu na ganda la kuzuia kelele za umeme, gundi ya epoksi ya tyubu mbili, msasa, na vipande viwili vya bamba la alumini vya kushikia vihisi.

Usitumie sumaku ya kutoka kwenye diski kuu ya kompyuta mbovu. Ina nguvu kweli, lakini uso wake mmoja una ncha zote mbili, na itakuvuruga. Sumaku za neodimu pia usiziache mahali watoto wanapofikia: mtoto akimeza mbili, hunasana zikiwa zimebana utumbo katikati, na huo ni ugonjwa wa kupasuliwa. Mtu mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo asizishike wala asizikaribie.

Hatua ya 2: Jaribu kihisi mezani, bila programu

Shika kihisi maandishi yakikutazama, miguu chini. Kutoka kushoto: mguu wa kwanza ni chanya, wa katikati ni hasi, wa tatu ni wa kutolea taarifa. Ulishe volti 5 kutoka kwenye bodi. Kisha unganisha rezista ya ohmu 1,000 na LED kwa mfululizo kutoka chanya kwenda mguu wa tatu, mguu mrefu wa LED ukielekea chanya.

Sogeza sumaku polepole kwenye uso wenye maandishi. Isipowaka, igeuze. Upande unaowasha taa ndio kusini. Utie alama ya kalamu nyekundu hapohapo, na ufanye hivyo kwa sumaku zote nne. Taa ikibaki imewaka baada ya kuondoa sumaku, umeuziwa aina ya kukumbuka.

Sababu ya taa kuunganishwa kutoka chanya ni kwamba mguu wa tatu hauwezi kutoa umeme, unaweza tu kuuvuta kwenda hasi. Shika jambo hili, kwani ndilo litakalokuokoa baadaye ukitaka kutumia ESP32, bodi nyingine ndogo ambayo pini zake zinavumilia volti 3.3 tu. A3144 inahitaji volti 4.5 au zaidi ili ifanye kazi, kwa hiyo unailisha 5, lakini rezista ya mguu wa tatu unaiunganisha kwenye 3.3, na bodi haidhuriki.

Hatua ya 3: Sumaku

Umbali kwanza. Nguvu ya sumaku haipungui taratibu, inaporomoka. Kwa sumaku ya milimita 8 kwa 3 ya daraja la kawaida la N35, hesabu inatoa takribani gauss (kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku) 3,500 usoni, gauss 660 ukiwa umbali wa milimita 5, na gauss 160 tu kwenye milimita 10. Upande wa pili, A3144 inaruhusiwa na watengenezaji wake kuwaka popote kati ya gauss 70 na 350. Maana yake vihisi viwili vya pakiti moja vinaweza kutofautiana sana: kimoja kikaona sumaku kutoka milimita 10, kingine kikataka 7 au chini yake. Usipange umbali kwa kile kizuri. Panga milimita 4, na hata ukikutana na kihisi kizito kuliko vyote bado una nafasi ya mtetemo wa mashine.

Sasa kuzishikiza. Zima mashine kwenye meni swichi, si kwenye kitufe cha kuwashia tu, ufunge kwa kufuli au utoe fyuzi uweke mfukoni. Mashine ya kusaga ina watu wengi karibu, na mtu anayekuja na debe lake la mahindi hajui kwamba mkono wako uko kwenye puli.

Sumaku inashika chuma yenyewe, na hilo ndilo linalowadanganya watu waiache bila gundi. Ikikaa sentimita 4 kutoka katikati kwenye puli ya mizunguko 2,880, inavutwa kwenda nje kwa nguvu ya karibu mara 370 ya uzito wake. Sumaku yetu ina gramu moja na kitu, kwa hiyo ni kama gramu 400 zinaivuta kando muda wote, na kando ndiko ambako mshiko wa sumaku ni dhaifu. Ikichomoka inaruka kama risasi.

Puli nyingi za kinu zina bonde usoni, kati ya kitovu na ukingo. Iegemeze sumaku kwenye pembe ya ndani ya ukingo, ili nguvu ya kuitupa nje iigandamize kwenye chuma badala ya kuitoa. Parua mahali hapo kwa msasa hadi chuma king'ae, futa mafuta kwa spiriti, paka epoksi chini na pembeni, acha usiku mzima. Ukingo wa chuma utaiba sehemu ya nguvu ya sumaku, hivyo umbali wa kihisi ushushe hadi milimita 3. Usitoboe shimo kwenye chuma ukaizamisha humo. Chuma kilichoizunguka kitaurudisha uga ndani na kihisi hakitaona kitu.

Kila puli inapata sumaku mbili, moja mkabala na nyingine, umbali sawa kutoka katikati. Hiyo ni kwa ajili ya mizani, maana puli ya kasi yenye uzito upande mmoja inakula beringi. Lakini moja igeuze alama nyekundu nje, na nyingine igeuze ndani. A3144 haioni kaskazini, kwa hiyo utapata pigo moja tu kwa kila mzunguko huku puli ikibaki na mizani yake. Ukizigeuza zote nyekundu nje utapata mapigo mawili, na yakipishana hata kidogo kwa nafasi, namba zitakuwa zinacheza.

Kitu kingine: sumaku za neodimu za kawaida huanza kupoteza nguvu zikizidi nyuzi joto 80. Puli yenye mkanda mzima haifiki huko. Puli yenye mkanda unaoteleza inaweza kufika.

Hatua ya 4: Funga kihisi

Tumia bamba la alumini, si la chuma, kwa sababu chuma karibu na kihisi kinapindisha uga. Lifunge kwenye fremu ya mashine na si kwenye kifuniko cha bati kinachotetemeka. Uso wenye maandishi utazame sumaku. Zungusha puli kwa mkono, polepole, uangalie nafasi kwenye mzunguko mzima. Puli iliyopinda kidogo itakuonyesha milimita 3 upande huu na 5 upande ule. Pima pale inapokaribia zaidi ili isije ikagonga.

Kapasita iweke palepale kwenye miguu ya kihisi, kati ya chanya na hasi. Ukishalehemu, vaa kihisi na miguu yake mpira wa kusinyaa. Vumbi la unga likipata unyevu linapitisha umeme, na mahali pa kusagia halikosekani. Rudisha kinga ya mkanda kabla ya kuwasha chochote. Kama kinga haipo, huu ndio wakati wa kuitengeneza.

Hatua ya 5: Waya

Chanya za vihisi vyote ziende volti 5, hasi ziende GND, yaani hasi ya bodi. Mguu wa tatu wa kihisi cha mota uende pini 2, wa kinu uende pini 3. Hizo ndizo pini mbili za Uno zinazoweza kuikatiza programu mara tu pigo linapoingia. Rezista ya ohmu 4,700 kutoka kila pini kwenda volti 5. Bodi ina rezista zake za ndani, lakini ni kubwa mno kwa waya mrefu uliopita karibu na mota ya fezi tatu. Kila swichi ya mota ikifunga au kuachia, bodi itahesabu mapigo ambayo hayapo. Ganda la waya liunganishe na GND upande wa bodi tu. Wakati wa kupima, kompyuta iendeshwe na betri yake.

Hatua ya 6: Programu

Usihesabu mapigo kwa sekunde moja. Mota ya mizunguko 1,440 inatoa mapigo 24 kwa sekunde, na pigo moja likiangukia nje ya sekunde, umepotea mizunguko 60, yaani asilimia 4. Tofauti tunayoitafuta ni ndogo kuliko hiyo. Badala yake pima muda wa mzunguko mmoja kwa mikrosekunde, kisha ugawe dakika moja kwa muda huo.

volatile unsigned long mwishoM, mudaM, mwishoK, mudaK;

void pigoMota() {
  unsigned long sasa = micros();
  if (sasa - mwishoM > 5000) { mudaM = sasa - mwishoM; mwishoM = sasa; }
}

void pigoKinu() {
  unsigned long sasa = micros();
  if (sasa - mwishoK > 5000) { mudaK = sasa - mwishoK; mwishoK = sasa; }
}

void setup() {
  Serial.begin(9600);
  pinMode(2, INPUT);
  pinMode(3, INPUT);
  attachInterrupt(digitalPinToInterrupt(2), pigoMota, FALLING);
  attachInterrupt(digitalPinToInterrupt(3), pigoKinu, FALLING);
}

void loop() {
  noInterrupts();
  unsigned long sasa = micros();
  unsigned long m = mudaM, k = mudaK;
  bool hai = (sasa - mwishoM < 1000000) && (sasa - mwishoK < 1000000);
  interrupts();
  if (hai && m > 0 && k > 0) {
    Serial.print("Mota ");
    Serial.print(60000000.0 / m, 0);
    Serial.print("  Kinu ");
    Serial.print(60000000.0 / k, 0);
    Serial.print("  Uwiano ");
    Serial.println((float)m / k, 3);
  } else {
    Serial.println("Imesimama");
  }
  delay(500);
}

Ile 5000 inakataa pigo lolote linalokuja chini ya milisekunde 5 baada ya lililotangulia. Kwenye mizunguko 3,000 mapigo halali yako milisekunde 20 mbali, kwa hiyo hupotezi kitu, na kelele fupi za umeme zinabaki nje.

Hatua ya 7: Hakiki kwa umeme wenyewe

Huhitaji kununua kipimo kingine cha kulinganishia. Umeme wa gridi, Tanzania na Kenya, ni wa hezi 50, na mota ya kawaida ya nguzo nne (ncha nne za sumaku zinazotengenezwa na msuko wake) haiwezi kujizungusha yenyewe zaidi ya mizunguko 1,500 kwa dakika: 120 mara 50, gawanya kwa 4. Soma kibao cha mota. Kikionyesha 1,440 au karibu na hapo, ni ya nguzo nne. Kikionyesha 2,880, ni ya nguzo mbili na mwisho wake ni 3,000.

Mkanda ukiwa umefungwa, washa mashine bila mahindi, maana programu huandika "Imesimama" kama kinu hakizunguki, na usome namba ya mota. Unapaswa kuona namba chini kidogo ya 1,500, tuseme 1,490. Ukiona karibu 2,980 kwenye mota ya nguzo nne, kihisi kinaona sumaku zote mbili, moja imegeuzwa vibaya. Ukiona 745, pigo moja kati ya mawili linapotea: sogeza kihisi karibu. Namba ikirukaruka ovyo, rudi kwenye waya na ganda lake. Usiendelee mbele hadi namba hii itulie.

Kwa mashine ya injini ya dizeli huna kipimo hiki cha bure. Pia injini ya silinda moja huenda kwa kusukumasukuma, kwa hiyo chukua wastani wa namba kumi au zaidi.

Hatua ya 8: Soma uwiano

Washa bila mahindi, subiri dakika mbili, andika uwiano, yaani kasi ya kinu ukiigawa kwa kasi ya mota. Huu ndio uwiano wa mashine yako. Usiuchukue kwa kupima puli kwa rula, kwani mkanda wa V hukaa ndani ya mfereji na kipenyo cha nje hakisemi ukweli. Tuseme umepata mota 1,490, kinu 2,935, uwiano 1.970.

Sasa mimina mahindi kama siku ya kazi, na uangalie. Mota 1,435, kinu 2,780, uwiano 1.937: umepungua chini ya asilimia 2. Mkanda unafanya kazi yake, na mota imeshuka kwa kiasi cha kawaida cha mzigo. Mashine hii haina tatizo la mwendo. Kama unga bado unatoka polepole, kagua nyundo na chekeche.

Mota 1,450, kinu 2,610, uwiano 1.800: umepotea zaidi ya asilimia 8 kwenye mkanda. Angalia jinsi mota inavyoonekana kuwa na nafuu hapo, wala haijazama. Mtu aliyepima mota peke yake angesema kila kitu kiko sawa, huku umeme anaoulipia ukigeuka joto kwenye puli.

Mota 1,360, kinu 2,650, uwiano 1.949: mkanda mzima, mota inazama. Pima volti kwenye vituo vya mota wakati mashine ina mzigo, si wakati iko tupu. Volti zikiwa zimeshuka sana, tatizo ni laini au waya mwembamba wa kuingilia. Volti zikiwa nzuri, punguza kasi ya kumimina, na angalia kama mahindi yana unyevu. Usiiache izunguke hivyo kwa muda mrefu. Mota iliyozama inavuta mkondo mkubwa, na hivyo ndivyo msuko wake unavyoungua.

Ukithibitisha kwamba ni mkanda, usikimbilie kuukaza hadi ulie. Mkanda uliokazwa kupita kiasi unavuta shafti upande mmoja na beringi hufa mapema. Zima kwenye meni swichi, sogeza mota nyuma kidogo, washa, mimina mahindi kwa kasi ileile, soma uwiano chini ya mzigo. Rudia. Kila ukikaza uwiano utapanda kuelekea ule wa mashine tupu, na kuna mahali utaacha kupanda. Simama hapo. Ukiwa umeshakaza hadi mwisho wa reli za mota na uwiano bado uko chini, tazama mifereji ya puli: ikiwa sakafu yake inang'aa, mkanda umeshagusa chini na haubanwi tena na kuta za pembeni. Mkanda mpya ukikaa hivyohivyo, cha kubadili ni puli.